Jina Alfred lina maana gani, na je, ni kweli lina pepo ndani yake?

Mama Mtarajiwa anauliza:

Salaam kwenu nyote. Naomba msaada wa waliosoma habari za majina na lugha za kale, kwa maana jambo hili limeniondolea usingizi kwa wiki mbili sasa.

Mimi na mume wangu tunatarajia mtoto wa kiume, na tangu mwanzo tulikubaliana kwamba ataitwa Alfred, ambalo ni jina la marehemu baba mkwe wangu, mtu aliyenipokea kama binti wa kumzaa mwenyewe. Maana yake hatukuwahi kuiuliza; lilikuwa jina la baba, basi. Juzi, katika mazungumzo baada ya ibada, mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniuliza jina tulilochagua, na nilipomtajia alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwa upole kwamba aliwahi kusoma mahali kuwa Alfred ni jina la Kiingereza lenye maana ya "mshauri wa mapepo", na kwamba mtoto mchanga hastahili kutwishwa mzigo wa namna hiyo. Sikumjibu neno. Nilirudi nyumbani nikamweleza mume wangu, naye akaumia kuliko mimi, kwa sababu alihisi kana kwamba baba yake ndiye aliyesemwa.

Nimetafuta mwenyewe nikapata majibu mafupi mafupi yanayopingana: mahali pengine wanasema "mshauri mwenye hekima", pengine "shauri la elf" bila kueleza huyo elf ni kiumbe gani, na pengine wanadai kwamba Alfred na Frederick ni jina moja kwa kuwa yote mawili hufupishwa kuwa Fred. Naomba kujua jina hili lilitoka wapi hasa, waliolitunga walikusudia nini, na kama Mkristo ana sababu ya kuliogopa. Tafadhali msinifariji tu. Ikiwa mzee yuko sahihi, niambieni hivyo hivyo.

Mfukua Maneno anajibu:

Dada, hongera kwa mtoto anayekuja. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu nadhani ni jibu fupi ndilo lililompotosha mzee wako.

Alfred ni jina la Kiingereza cha Kale, lugha iliyosemwa na Waanglo-Saksoni huko Uingereza tangu karne ya 5 hivi hadi baada ya Wanormani kuivamia nchi hiyo mwaka 1066. Wakati huo liliandikwa Ælfræd au Ælfred, na ile herufi ya mwanzo ilitamkwa kwa sauti iliyo kati ya a na e yetu. Jina limeundwa kwa maneno mawili yaliyowekwa pamoja. La pili halina utata: ræd ni shauri, nasaha, busara ya kuamua mambo. La kwanza, ælf, ndilo lenye kelele, kwa kuwa lilitaja aina ya viumbe wa ghaibu ambao watu wa kale wa kaskazini mwa Ulaya waliamini kwamba wana umbo la binadamu, uzuri usio wa kawaida na nguvu ambazo binadamu hana. Yule elf mdogo mwenye kofia ya ncha na masikio marefu ni mchoro wa karne za karibuni, na Waanglo-Saksoni wasingemtambua.

Sasa sikiliza mahali ambapo tafsiri inateleza. Kiswahili hakituruhusu kuyaweka maneno mawili kama haya sambamba bila kuyafunga kwa "wa" au "la" au "kwa", na mara tu unapoweka kifungo hicho umeshaamua nani ni nani: mshauri *wa* elf, shauri *la* elf, mwenye kushauriwa *na* elf. Jina lenyewe halisemi lolote kati ya hayo. Linasema elf, linasema shauri, linanyamaza. Anayelitafsiri ndiye anayelijaza ule uwazi wa katikati, na mtu akishachagua "mshauri wa mapepo" amechangia maneno mawili kati ya matatu kutoka mfukoni mwake.

Tena Waanglo-Saksoni hawakuunda majina kama sentensi. Walikuwa na akiba ya vipande vya heshima, kama vile æthel (uungwana), ead (baraka na utajiri), wulf (mbwa mwitu), stan (jiwe), weard (mlinzi), beorht (angavu), wakaviunganisha kadiri familia ilivyopenda. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa askofu Wulfstan wa Worcester, aliyefariki mwaka 1095. Baba yake aliitwa Æthelstan na mama yake Wulfgifu. Wazazi walichukua kipande cha mama na kipande cha baba, wakapata Wulfstan. Ukilifasiri kwa kamusi unapata "mbwa mwitu wa jiwe", picha ambayo hakuna aliyeikusudia. Walichokusudia ni kwamba mtoto huyu ni wa hawa wawili.

Mtu aliyelifanya jina la Alfred lidumu ni mfalme wa Wessex, aliyezaliwa Wantage karibu na mwaka 849 na kutawala tangu 871 hadi 899. Baba yake alikuwa Æthelwulf, na kaka zake waliotawala kabla yake walikuwa Æthelbald, Æthelberht na Æthelred. Kitindamimba huyu ndiye aliyevunja mfululizo wa Æthel- na kupewa Ælf-. Mwaka 878 alilishinda jeshi la Wadenmaki pale Edington, na katika masharti ya amani kiongozi wao Guthrum, aliyekuwa mpagani, alikubali kubatizwa huku Alfred mwenyewe akisimama kama baba yake wa ubatizo. Naomba ulitazame jambo hili kwa makini, kwa sababu linahusu swali lako moja kwa moja: mpagani huyo alipotoka kwenye maji ya ubatizo alipewa jina jipya, na jina hilo halikuwa Petro wala Yohana, lilikuwa Æthelstan. Mfalme Mkristo, mbele ya mapadre wake, alimpa Mkristo mpya jina la vipande vile vile vya Kiingereza. Kanisa la wakati ule halikuona kwamba majina hayo yanahitaji kusafishwa.

Mwana wa Chuoni anajibu:

Nashukuru kwa maelezo, ila naomba kuongeza jambo ambalo nililisikia kwa mtu mwenye elimu na ambalo huenda likamwondolea dada yetu hofu yote kwa mara moja. Aliniambia kwamba "Alf" katika Alfred ni lile lile neno la Kiarabu lililotupatia *elfu*, na kwamba jina hili maana yake ni mtu wa maelfu, yaani mwenye kuongoza watu elfu. Hilo lingeeleza pia kwa nini lilipewa mfalme. Ikiwa ni hivyo, hakuna pepo wala jini hapo, ni hesabu tu.

Mfukua Maneno anajibu:

Ndugu yangu, natamani ingekuwa hivyo, maana ingekuwa njia nyepesi, lakini ni mfanano wa sauti tu. *Elfu* yetu imetoka kweli katika Kiarabu. Neno ælf, kwa upande wake, lina ndugu katika lugha nyingine za ukoo wa Kijerumani: Kinorse cha Kale, lugha ya watu wa Skandinavia, kina álfr, Kijerumani kina Alb. Neno linaloonekana katika lugha mbalimbali za ukoo mmoja, kila moja ikiwa imelibadilisha sauti kwa kanuni zake yenyewe, ni urithi wa pamoja, si mkopo wa kutoka mbali. Aidha jina lilikuwa linaandikwa Ælf- kwa herufi kamili tangu zamani, na kipande hicho hicho kimo katika majina mengine kadhaa ya Kiingereza, kama Ælfric, Ælfgifu na Ælfwine, ambayo hayana uhusiano wowote na hesabu. Tusimpe dada maana nzuri isiyo ya kweli; ameomba tusimfariji.

Mpenda Hati anajibu:

Mimi naona mjadala umeng'ang'ania nusu ya kwanza ya jina ilhali nusu ya pili ndiyo tajiri. Niruhusuni nikae hapo kidogo.

Ræd katika Kiingereza cha Kale ilikuwa shauri, na kitenzi chake, rædan, kilikuwa na maana tatu zilizoshikana: kushauri, kufumbua jambo lililofichika na kusoma maandishi. Kutoka hapo ndipo Kiingereza cha leo kilipopata kitenzi *read*, na pia neno lake la kitendawili, *riddle*, kwa kuwa kitendawili ni kitu cha kufumbuliwa. Kijerumani kimebaki na Rat, shauri au baraza, ndiyo maana jengo la halmashauri ya mji huitwa Rathaus. Lakini kwa kusoma Wajerumani wanatumia lesen, kitenzi ambacho asili yake ni kukusanya. Waingereza karibu peke yao ndio waliolitazama tendo la kusoma wakaliita kwa neno la kushauri na kufumbua. Kwa hiyo kila Alfred anabeba ndani ya jina lake mzizi wa kusoma.

Jambo hili linagusa kwa sababu ya maisha ya mfalme mwenyewe. Alfred alihuzunika kwamba elimu ilikuwa imeporomoka nchini mwake, akajifunza Kilatini akiwa mtu mzima, akatafsiri kwa Kiingereza kitabu cha Papa Gregory kuhusu kazi ya uchungaji, na kuagiza nakala ipelekwe kwa kila askofu. Katika dibaji anasema kwamba kila nakala itaambatana na æstel, kifaa cha thamani ya mancus 50, fedha nyingi sana kwa wakati ule, na kwamba kifaa hicho kisitenganishwe na kitabu.

Mwaka 1693 huko North Petherton, Somerset, si mbali na Athelney ambako mfalme alijificha alipokuwa anawindwa na Wadenmaki, ilichimbuliwa johari moja ya dhahabu ambayo leo iko katika jumba la makumbusho la Ashmolean, Oxford. Ni ndogo, urefu wake ni kama sentimita 6, yenye umbo la tone la maji. Uso wake ni kipande cha fuwele safi kilicholala juu ya picha ya enameli ya mtu mwenye macho makubwa yaliyokodolewa, aliyeshika mashina mawili ya mmea, moja kila mkono. Chini inamalizikia kwa kichwa cha mnyama ambaye kinywa chake ni tundu la kuchomekea kijiti. Pembeni, pande zote, dhahabu imekatwa kwa herufi unazoweza kuona mwanga ukipita katikati yake: AELFRED MEC HEHT GEWYRCAN, yaani "Alfred aliagiza nitengenezwe." Wataalamu wengi wanaamini kwamba hiyo ni æstel mojawapo, mpini wa kijiti cha kufuatia mistari wakati wa kusoma. Johari yenyewe ndiyo inayosema, na inalitaja jina. Mtu aliyeagiza kitu kile hakuwa na haya na jina lake.

Mtafiti Mwangalifu anajibu:

Nimefurahia maelezo yote, lakini dada alisema asifarijiwe tu, na naona upande mmoja wa ushahidi umeachwa. Mzee wake hakuzua jambo.

Katika utenzi wa Kiingereza cha Kale unaoitwa Beowulf, ælf wanatajwa pamoja na majitu na wafu waovu kama kizazi kilichotokana na Kaini baada ya kumuua ndugu yake. Katika vitabu vya tiba vya karne ya 10 zimo dawa za maradhi yaliyosemekana kuletwa na ælf, na ipo kafara ya maneno dhidi ya kichomi cha ghafla ambamo maumivu hayo yanaitwa mshale wa ælf. Wajerumani hadi leo ndoto ya kutisha wanaiita Albtraum, ndoto ya Alb. Ukiweka ushahidi huu mezani, mtu anayesema kwamba ælf alikuwa kiumbe wa kuogopwa ana msingi wa kusema hivyo, na sidhani ni haki kumwonyesha kama mtu asiyejua.

Swali langu kwa Mfukua Maneno ni hili: ikiwa Wakristo wa Uingereza waliamini kwamba viumbe hawa ni wa ukoo wa Kaini na kwamba wanaleta maradhi, iliwezekanaje wakaendelea kuwapa watoto wao majina yanayowataja?

Mfukua Maneno anajibu:

Swali zuri, na nakubali kila ushahidi uliouleta. Mzee hakuzua. Alichofanya ni kuchukua sura moja ya neno lenye sura mbili.

Sura ya pili ni hii. Washairi wa Kikristo wa lugha hiyo hiyo walikuwa na kivumishi ælfscyne, yaani mwenye uzuri unaong'aa kama wa ælf. Unafikiri walimpamba nani kwacho? Katika utenzi unaosimulia kitabu cha Mwanzo kinatumiwa kwa Sara, mke wa Abrahamu. Katika utenzi wa Judith kinatumiwa kwa Judith mwenyewe, mwanamke mcha Mungu aliyeliokoa taifa lake. Mshairi anayeamini kwamba neno hilo ni la mapepo tu asingemvika Sara. Na watafsiri wa Kilatini walipokutana na mabinti wa milima na misitu wa hadithi za kale waliwaita kwa neno hilo hilo: ælf wa mlimani, ælf wa msituni.

Kuhusu majina, kuna kipimo ambacho mimi nakiona kuwa na nguvu kuliko vyote. Lugha ile ilikuwa na maneno mengi ya viumbe wa ghaibu. Yalikuwepo eoten na þyrs, ambayo ni majitu na mazimwi. Hayo hayaingii katika majina ya watu. Yanayoingia ni machache, yakiwemo ælf, na os, neno la kale la mungu, ambalo limo katika Oswald na katika Osburh, jina la mama yake Alfred. Kwa hiyo akiba ya majina yenyewe ilichagua, na ilichagua zamani sana, kabla ya Ukristo kufika, wakati ambapo ælf alihesabiwa upande wa heri na mazimwi upande wa shari. Ukristo ulipokuja, hadhi ya ælf katika mahubiri na katika tiba ikaanza kushuka, lakini kipande cha jina kilikuwa kimekwisha kuachana na kiumbe. Kilikuwa kimekuwa jina tu, kama vile anayemwita mtu Wulfstan hamfikirii mbwa mwitu.

Angalia ni nani waliokibeba. Ælfric wa Eynsham, mtawa na mhubiri wa mwishoni mwa karne ya 10, aliwakemea kwa ukali waumini waliokimbilia kwa wachawi na waaguzi. Mtu mkali hivyo juu ya ushirikina alitia sahihi kazi zake kwa jina linaloanza na Ælf-, wala hakulibadilisha. Ælfheah, askofu mkuu wa Canterbury, alitekwa na Wadenmaki mwaka 1011, akakataa watu wake wakamuliwe fedha za kumkomboa, na tarehe 19 Aprili 1012 akauawa kule Greenwich. Kanisa linamheshimu kama mtakatifu na mfiadini. Dada, ukitaka jibu la kumpelekea mzee wako kwa adabu, mpelekee habari za huyo askofu mkuu. Itamtosha kuliko kamusi.

Karani wa Zamani anajibu:

Naomba nijibu lile swali la Fred, kisha nieleze jinsi jina lilivyotufikia, maana lilikaribia kupotea njiani.

Alfred na Frederick si jina moja. Frederick ni la Kijerumani, la frid (amani) na rik (mtawala). Mkato "Fred" ndio unaowachanganya watu, na ukitazama vizuri unauona umekatwa pasipo kiungo: katika Ælf-ræd, ile f ni mali ya ælf na red ni mali ya shauri, hivyo anayemwita Alfred "Fred" ameondoka na herufi ya mwisho ya neno la kwanza. Hakuna ubaya, ndivyo majina ya nyumbani yanavyokatwa, lakini si ushahidi wa undugu. Vivyo hivyo Albert ni jina jingine kabisa, linalotokana na maneno ya uungwana na mwangaza.

Baada ya 1066, watawala wapya walileta William, Robert, Richard na Henry, na katika vizazi vichache watoto wa Kiingereza karibu wote wakawa na majina ya Kinormani. Majina ya zamani yaliyosalia na nguvu yalikuwa yale yaliyoshikwa na watakatifu wenye ibada kubwa: mfalme Henry wa Tatu alimpenda mno mtakatifu Edward hata mwanawe aliyezaliwa mwaka 1239 akamwita jina hilo, na kuanzia hapo Edward likarudi kwenye kiti cha enzi. Alfred hakuwahi kutangazwa mtakatifu, na jina lake likafifia. Makarani waliandika kwa Kilatini Alvredus, na kwa kuwa V na U zilikuwa herufi moja kwao, likasomwa Alured, umbo ambalo lilidumu hapa na pale kwa karne kadhaa. Katika vinywa vya Wanormani lililainika hadi kuwa Avery. Ni ajabu kwamba Avery na Alfred ni jina moja, lakini ndivyo ilivyo.

Lililolifufua ni historia. Wasomi wa karne ya 16 walianza kuzichapisha hati za Waanglo-Saksoni, ikiwemo habari za maisha ya mfalme zilizoandikwa mwaka 893 na Asser, mtawa wa Wales aliyemfahamu ana kwa ana. Ni bahati kwamba walizichapisha, kwa sababu hati pekee ya kale ya kitabu hicho iliteketea kwa moto London mwaka 1731. Kufikia karne ya 18 mfalme Alfred alikuwa amekuwa shujaa wa taifa. Mfalme George wa Tatu alimpa mwanawe jina hilo mwaka 1780, na Malkia Victoria akampa mwanawe wa pili mwaka 1844. Katikati ya hao wawili ndipo walipozaliwa mshairi Alfred Tennyson, mwaka 1809, na mwanasayansi Alfred Russel Wallace, mwaka 1823. Mwaka 1901 mji wa Winchester ulimsimamishia mfalme sanamu kubwa ya shaba kuadhimisha miaka 1,000 tangu kifo chake, ingawa leo wanahistoria wanakubaliana kwamba alifariki mwaka 899.

Jina lilisafiri pia. Waitalia na Wahispania wanalo kama Alfredo, Waisilandi kama Alfreð, na Msweden aliyeacha mali yake ianzishe tuzo za Nobel aliitwa Alfred. Huko Uingereza, katika karne hii, wazazi wengi wamelirudia kwa mkato wake wa Alfie.

Mama Mtarajiwa anajibu:

Nimesoma yote mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili mume wangu asikie. Mungu awabariki kwa muda mlioutoa, na namshukuru kwa namna ya pekee Mtafiti Mwangalifu, kwa sababu bila yeye ningeondoka na nusu ya habari na ningeshindwa kumjibu mzee pale atakaponiambia habari za ukoo wa Kaini.

Jana nilikwenda kumwona. Nilimweleza habari za Guthrum na ubatizo wake, na za askofu mkuu Ælfheah aliyekataa kukombolewa. Alisikiliza hadi mwisho, akaniomba nirudie jina la askofu huyo polepole ili aliandike. Hakusema kwamba alikosea, wala mimi sikumtaka aseme. Aliniuliza tu kama mtoto atabatizwa mwezi gani.

Lakini kilichonikaa moyoni zaidi ni ile johari. Nilimwonyesha mama mkwe picha yake, nikamweleza kwamba ni mpini wa kijiti cha kusomea. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba baba, macho yake yalipoanza kumchezea, alikuwa akichomoa kijiti kimoja kwenye ufagio kila asubuhi, akikitembeza chini ya mstari anaposoma Biblia, na kwamba kijiti cha mwisho bado kimo ndani ya kitabu hicho, katika ukurasa aliokomea. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekiondoa.

Jina tumeliandika, Alfred, kama baba alivyokuwa akiliandika yeye mwenyewe. Nikiruhusiwa swali moja la mwisho kwa Karani wa Zamani: mume wangu amependa lile umbo la Alured na anatamani liwe jina la pili. Je, lilitamkwa kwa silabi tatu, au ile U ilisomwa kama V?

Karani wa Zamani anajibu:

Katika hati U ile ilisimama mahali pa V, lakini walioendelea kulitumia baadaye walilisoma kama walivyoliona, kwa silabi tatu, A-lu-red. Likikaa baada ya Alfred, mtoto atakuwa na jina moja mara mbili.